HERUFI MBILI CHINI YA MTUTU



Leo hatuandiki juu ya mishahara, ingawa hatujaisahau, wala juu ya nyumba. Twataka kuwaandikia juu ya bunduki. Msishtuke. Hapana hata mmoja kati yetu aliye na bunduki, wala hatuombi kupewa. Katika nchi hii uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na bunduki tuzionazo siku hizi ni za askari na za wanyang'anyi, na mtu mwenye akili huzikimbia zote. Tunaloandika ni juu ya kazi ya mikono, na juu ya jina la mtu aliyeifanya.

Jambo lilianza hivi. Wakati wa chakula cha mchana mwenzetu mmoja, fita kama sisi, alituonyesha katika simu yake sinema fupi ya fundi wa Uingereza, mzee mwenye miwani, akiifungua bunduki ya kale yenye mitutu miwili ili aitengeneze upya. Tulikuwa watu sita kwenye benchi, mara tukawa kumi na wawili, na chai ikapoa. Hakuna mtu aliyepigwa risasi katika sinema hiyo. Palikuwa na tupa, jiliwa, bisibisi na mikono ya mzee.

Kabla ya kugusa skurubu hata moja, mzee yule alichukua bisibisi akaisugua kwa tupa mpaka ncha yake ikaingia sawasawa katika mfuo wa skurubu ile. Kwa skurubu ya pili akatengeneza bisibisi nyingine. Mifuo ya skurubu za bunduki zile ni myembamba kama uzi, na kila skurubu imetengenezwa kwa tundu lake, haihamishwi. Tena zikiisha kukazwa, mifuo yote huelekea upande mmoja, sambamba na mtutu. Mmoja wetu akasema, "Na sisi twatumia patasi." Tulicheka, lakini hakusema uongo.

Kisha mzee akaiondoa mitutu, akaigeuza juu chini. Pale mahali pasipoonekana bunduki ikifungwa palikuwa na alama za serikali za kuonyesha kwamba mitutu imejaribiwa, na kando yake zimegongwa herufi mbili ndogo. Akaeleza kwamba hizo ni herufi za jina la mtu aliyeitengeneza mitutu hiyo. Juu ya bunduki, mahali pa kuonekana na kila mtu, liliandikwa jina la mwenye duka, kwa herufi nzuri za dhahabu. Herufi za mtu wa kazi zilikuwa chini, gizani.

Ndugu, tangu siku ile tumekuwa tukiulizia na kusoma kila tulichopata juu ya kazi hii, na tumeona kwamba yatuhusu kuliko tulivyodhani.

Bunduki za namna ile hazitoki katika mashine kama sufuria. Mnunuzi hupimwa kama mtu apimwavyo na fundi wa kushona: urefu wa mkono, upana wa bega, shavu lake lilivyo, na jicho analolengea. Halafu kazi hupita mikononi mwa watu mbalimbali, kila mmoja na ujuzi wake. Yuko wa mitutu, yuko wa mtambo, yuko seremala wa kitako, yuko wa kuchora nakshi, yuko wa kumalizia. Kwa desturi ya London mtu hujifunza sehemu moja tu ya kazi hizo kwa miaka kadhaa akiwa mwanagenzi chini ya mkubwa wake, na wengi huishi na kustaafu katika sehemu hiyo hiyo. Bunduki moja ya daraja la juu hula mamia ya saa za kazi. Bei yake yaweza kujenga nyumba kadhaa hapa kwetu.

Wenzetu wa beringi watalielewa hili tutakalosema sasa. Fundi wa kitako anapotaka chuma na mti vikutane bila nafasi ya hata karatasi kupita, hukishika chuma juu ya taa ya mafuta mpaka kikapakwa masizi. Hukiingiza chuma katika mti, hukigonga kidogo, hukitoa. Pale mti uliposhika weusi ndipo palipo juu. Hukwangua pale tu, kidogo sana, halafu masizi tena, gonga tena, toa tena. Mara mia, mara mia mbili. Ni kazi ile ile ya kupaka rangi na kukwangua beringi waliyotufundisha wazee wetu, ila yeye hufanya juu ya mti wa mjozi kutoka Uturuki ambao pengine uliota kabla babu yake hajazaliwa, na akikosea mara moja kipande chote ni kuni.

Tena iko kazi ambayo kwetu sisi imekuwa kama hadithi. Katika bunduki kubwa za mitutu miwili, zile zilizotumiwa na wawindaji wa tembo na nyati, mitutu yote miwili lazima ipige mahali pamoja. Mtu angedhani kwamba ukiifunga sambamba yatosha. Haitoshi, kwa sababu bunduki ikilia huruka, na mtutu wa kulia huruka upande wake na wa kushoto upande wake. Basi fundi hupiga risasi, hutazama shabaha, huyeyusha lehemu iliyo mdomoni mwa mitutu, husogeza kabari kidogo tu, hulehemu tena, hupiga tena. Hapana hesabu ya kitabuni inayomaliza kazi hiyo. Ni mtu, moto, kabari na subira. Twawauliza wale wanaopenda kusema kwamba kazi ya mikono ni kazi ya wasiosoma: je, mtu huyu hakusoma? Alisoma miaka mingi, ila hakusomea darasani.

Nakshi hatutaisimulia sana, maana yataka macho, haitaki maneno. Yatosha kusema kwamba mchoraji kama Ken Hunt, aliyefundishwa kazi London na Harry Kell, aliweza kuchora juu ya chuma kisichozidi upana wa kiganja majani na ndege ambao ukiwatazama kwa kioo cha kukuzia wazidi kuwa wazuri.

Lakini kutu tutaisimulia, kwa sababu sisi wa reli kutu ni adui yetu. Mitutu mingi ya karne ya 19 ilitengenezwa kwa vipande vya chuma laini na chuma kigumu vilivyosokotwa pamoja kama kamba, vikazungushwa juu ya fimbo ya chuma na kufuliwa vikiwa moto mpaka vikawa bomba. Kazi hiyo ilifanywa sana Birmingham, na Liège nchini Ubelgiji. Ili ule msokoto uonekane, fundi huupaka mtutu dawa, huuacha ushike kutu, huuchemsha katika maji, huisugua kutu kwa waya laini, halafu huanza tena. Siku baada ya siku. Mwishowe kutu yenyewe huwa ndiyo rangi, nayo huulinda mtutu usishike kutu nyingine. Mwenzetu wa idara ya rangi alikataa kusadiki mpaka alipoonyeshwa.

Sasa twaja kwa hizo alama za kujaribia. Uingereza haikubali bunduki iuzwe kabla haijajaribiwa kwa baruti iliyozidi kiasi cha kawaida. Chama cha mafundi wa bunduki wa London kilipewa hati ya mfalme mwaka 1637, na Birmingham walipata nyumba yao ya kujaribia kwa sheria ya mwaka 1813. Mtutu ukipasuka, upasukie humo ndani, usipasukie usoni mwa mtu. Nasi twaona kwamba hapo ndipo heshima ya kazi ilipo: kabla ya dhahabu na nakshi, kitu kijaribiwe kwa nguvu kuliko kitakavyotumika. Breki za behewa nazo ni hivyo hivyo.

Sisi wa reli tuna sababu yetu ya kujua maana ya bunduki kulia au kutolia. Mwezi wa Desemba 1898 Bwana J. H. Patterson, aliyekuwa akisimamia ujenzi wa daraja la Tsavo, alikwenda kumtafuta mmoja wa wale simba wawili waliokuwa wakiwala watu wa reli. Alichukua bunduki kubwa ya kuazima. Simba akatokea karibu kabisa, Patterson akafyatua, na bunduki ikatoa sauti ndogo ya chuma basi. Ilikataa. Siku hiyo bwana huyo alipona kwa bahati. Simba wote wawili waliuawa kabla ya mwezi kwisha, na leo ngozi zao zimejazwa na kusimamishwa katika makumbusho huko Chicago. Jina la Patterson liko katika vitabu, na simba wale wana sifa dunia nzima. Lakini vibarua walioliwa, Wahindi na Waafrika, nani kati yetu aweza kutaja majina ya watatu tu?

Hapa ndipo tulipokuwa tukielekea. Majina makubwa ya bunduki yajulikana: Purdey, Holland, Boss, Rigby, Westley Richards. Yule James Purdey aliyefungua duka lake mwaka 1814 mwenyewe alikuwa mtu wa kuajiriwa kwanza, akifanya kazi kwa Joseph Manton, fundi ambaye wengi walisema hakuna kama yeye London. Manton alifilisika mwaka 1826, na wale waliokuwa wakishika tupa katika karakana yake ndio waliokuja kuwa mabwana. Hatulalamiki juu ya hayo, mtu aliyetoka kwenye jiliwa akafanikiwa twampongeza. Lakini tazameni yaliyofuata. Mtambo wa bunduki ya Purdey, ule unaojifungua wenyewe na kusifiwa mpaka leo, ulibuniwa na Frederick Beesley, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumba hiyo hiyo kabla ya kwenda kujitegemea. Aliupata kwa hati mwaka 1880, akawauzia wao. Watu wanaponunua bunduki ile husema wamenunua Purdey. Wachache sana husema wamenunua akili ya Beesley. Huko Birmingham, mwaka 1875, ilikuwa afadhali kidogo: mtambo uliotokea Westley Richards uliitwa kwa majina ya William Anson na John Deeley, na Anson huyo alikuwa msimamizi wa mafundi wa mitambo. Jina lake lingali likitajwa na kila fundi wa bunduki duniani. Kwa hiyo jambo hili lawezekana, wakubwa wakitaka.

Twajua kwamba wako wanachama watakaosema, "Ninyi mmepotea. Hivi ni vitu vya matajiri vya kuulia ndege, na bunduki za Wazungu ndizo zilizotuletea taabu." Hatuwapingi. Tena twaongeza: kutoka Birmingham hiyo hiyo zilitoka bunduki za bei rahisi kwa maelfu, zikapelekwa pwani ya Afrika ya Magharibi, na nyingi zilibadilishwa kwa watumwa. Samuel Galton wa Birmingham, tajiri wa bunduki aliyekuwa Mkweka, alishutumiwa na watu wa dini yake mwenyewe kwa biashara hiyo, na mwaka 1796 wakamtenga. Kwa hiyo tupa ile ile yaweza kufanya kazi njema na kazi mbaya, na anayeamua ni yule aandikaye hati ya kuagiza. Mtu wa tupa haulizwi. Ndiyo sababu twasema kazi yake tuisifu kwa haki yake, na biashara ya bwana wake tuihukumu kwa haki yake. Wakichanganya mambo hayo mawili, aliyeumia kwa kazi ndiye abebaye lawama, na aliyetajirika ndiye apewaye sifa.

Na wale wa tupa hawakunyamaza siku zote. Karibu na Liège iko Herstal, na huko kilianzishwa mwaka 1889 kiwanda kikubwa cha bunduki, Fabrique Nationale, ambacho nakshi za bunduki zake za Browning zina sifa nyingi. Tarehe 16 Februari 1966 wanawake wapatao 3,000 wa kiwanda hicho waliacha mashine zao wakatoka. Walikuwa wakifanya kazi katika mafuta na kelele, wakilipwa kidogo kuliko wanaume. Walisema mkataba wa Roma wa mwaka 1957 umeandika kwamba wanaume na wanawake walipwe sawa kwa kazi iliyo sawa, basi walipwe. Waligoma majuma kumi na mawili. Walidai faranga 5 kwa saa, wakarudi na faranga 2 na senti 75. Si ushindi wote, lakini Ulaya nzima ilisikia. Wakusanyaji wa vitu vya kale wakiipenda bunduki iliyotoka Herstal miaka ile, twawaomba waikumbuke na mikono hiyo.

Hapa tuseme neno dogo pembeni. Nyumba ya Beretta ya Italia, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo yenye mali ya Holland & Holland, hujivunia kuanza mwaka 1526. Wajuaje? Wana karatasi ya malipo: mitutu 185 iliyouzwa kwa serikali ya Venice, dukati 296. Karatasi ya malipo, ndugu! Basi na ninyi mnaofungia maandazi karatasi zenu za mshahara mfikiri tena.

Sasa turudi kwa yule mzee wa sinema na kazi yake ya kutengeneza bunduki za kale. Sheria yake kubwa ni kutofanya mengi. Akiona ufa katika kitako huuunganisha kwa gundi na kijiti kisichoonekana. Akiona kibonyeo katika mti, huweka kitambaa chenye maji na pasi ya moto, mti ukavimba ukarudi wenyewe. Lakini hasugui. Alisema bunduki nyingi nzuri zimeuawa na msasa: nakshi zimefutika, kona zimekuwa mviringo, alama za majaribio zimetoweka, na mitutu imekuwa myembamba hata ni hatari kupigia. Mkwaruzo wa miaka mia ni sehemu ya maisha ya kitu kile. Ukiufuta hutaurudisha.

Maneno hayo yalituchoma, na tutawaeleza kwa nini.

Miaka michache iliyopita tulipewa behewa la kale tulifufue, katika karakana ambayo hatutaitaja. Tulilifanya kwa moyo. Tulipong'oa mbao za sakafu tulikuta, upande wa chini wa ubao mmoja, herufi tatu zimekatwa kwa patasi, na mwaka: 1937. Tulisimama tukazitazama. Seremala gani huyo? Kabila gani, dini gani, alilipwa shilingi ngapi kwa mwezi? Hapana kitabu cha kumtafutia. Tuliurudisha ubao ule ule mahali pake, herufi zikielekea chini kama alivyoziacha mwenyewe.

Lakini mlango tuliuharibu. Ulikuwa na namba ya kale iliyochongwa katika mti, imejaa rangi, na kijana wetu mmoja akaipitishia mashine ya msasa. Kwa dakika mbili namba ikaisha. Kijana yule hatumlaumu. Hapakuwa na mtu aliyesimama kando yake kumwambia, kwa sababu wazee waliojua walikuwa wamestaafu na hapana aliyekuwa amewekwa chini yao kujifunza. Siku hizi kipande kikiharibika hutupwa, kingine huletwa katika sanduku, na twaambiwa hayo ndiyo maendeleo. Pengine ndiyo, kwa vipande vyenye masanduku.

Siku ya kulizindua behewa palipigiliwa bamba la shaba mlangoni lenye majina matano. Hata moja halikuwa la mtu aliyeshika randa wala tupa. Mmoja wa waliotajwa aliliingia behewa siku hiyo kwa mara ya kwanza, akauliza choo kiko wapi.

Nendeni Jumba la Makumbusho ya Reli pale Nairobi mkaitazame injini namba 5918, Mount Gelai. Injini za jamii hiyo zilikuwa 34, zilijengwa Manchester na Beyer, Peacock katika miaka ya 1955 na 1956, na jina hilo la wajenzi twalijua sote. Injini hiyo ilirudishwa kutembea kwa moto wake mwenyewe mwaka 2001. Waulizeni walinzi ni nani walioitengeneza wakati huo, boila na bomba zake. Wengine wao bado wako hai, na mtu akienda na daftari na kalamu atapewa majina yote kwa kikombe kimoja cha chai.

Tumepeleka mambo mawili kwenye mkutano wa tawi. La kwanza, kila karakana iwe na kitabu, na kazi yo yote kubwa ikimalizika majina ya walioifanya yaandikwe humo, kuanzia fundi mpaka kibarua, na kitabu kiwekwe na chama wala si ofisini. Gharama yake ni bei ya kitabu. La pili, fundi aliyebakiza miaka mitatu kabla ya kustaafu apewe mwanagenzi wa kudumu, si kijana wa kutumwa chai, naye mwanagenzi alipwe. Hili litagharimu fedha, na tayari tumeambiwa kwamba hazipo. Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane, na twaomba watu waje, maana mara iliyopita tulikuwa kumi na tisa.

Katika karakana yetu yuko mzee mmoja ambaye hufanya beringi kwa mkono, kwa rangi na kikwangulio, akisikiliza chuma kama daktari asikilizavyo kifua. Anastaafu mwezi wa Desemba. Jiliwa lililo kando ya lake halina mtu tangu mwaka juzi, na juu yake twaweka makoti.